Mwanaisimu Katikati ya Wahandisi: Niendelee Kufundisha Isimu Kompyuta au Niachie Wengine?

Barua

Kwako Mshauri,

Salaam na heshima nyingi. Mimi ni mhadhiri katika idara ya isimu ya chuo kikuu, na kwa muda mrefu utafiti wangu umekuwa juu ya mofolojia (muundo wa maneno) ya vitenzi vya Kiswahili. Mkuu wa Idara, alipokumbuka kwamba tasnifu yangu ya uzamivu ilikuwa na programu ndogo ya kuchanganua vitenzi, alinikabidhi somo jipya la isimu kompyuta, yaani uchanganuzi wa lugha kwa kutumia kompyuta. Somo hilo limefunguliwa kwa wanafunzi wa shahada ya umahiri wa idara yetu na wa idara ya sayansi ya kompyuta kwa pamoja. Nililipokea kwa furaha, lakini furaha hiyo haikudumu.

Darasani nina makundi mawili yasiyosikilizana. Wanafunzi wa isimu wanazijua ngeli, mofimu (vipande vya neno vyenye maana) na viambishi, ila hawajapata kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Wale wa kompyuta wanaandika programu kwa wepesi unaonitia wasiwasi, ila hawaoni kwa nini wajisumbue kujua kiambishi ngeli ni kitu gani. Nikieleza uwezekano na takwimu, upande mmoja unainamisha vichwa. Nikieleza uambishaji, upande wa pili unatoa simu. Katika zoezi la mwisho niliwataka wachanganue orodha ya vitenzi na kueleza mbinu waliyoitumia. Wengi wao waliikabidhi kazi hiyo kwa programu ya mazungumzo ya akili mnemba, wakaniletea majedwali yaliyopangika vizuri. Nilipowauliza kwa nini neno fulani limekatwa pale lilipokatwa, hawakuwa na la kusema.

Utafiti nao umenitia mashaka. Mwenzangu wa idara ya kompyuta, ambaye tunasimamia naye mwanafunzi mmoja wa uzamivu, aliniambia waziwazi kwamba vichanganuzi vinavyotegemea kanuni vimepitwa na wakati, kwa kuwa modeli kubwa za lugha, zile zinazoendesha programu hizo za mazungumzo, zimeshaimaliza kazi hiyo. Akanikumbusha ule utani wa Frederick Jelinek wa IBM, kwamba kila alipomwachisha kazi mwanaisimu, mfumo wake wa kutambua usemi uliboreka. Tulicheka wote, lakini mimi nilirudi ofisini nimenyong'onyea. Idara yangu haina kompyuta zenye nguvu za kufunza modeli za aina hiyo, na sioni zitatoka wapi.

Mwanafunzi wetu anataka kutambua hisia katika jumbe fupi za Kiswahili zenye kuchanganya ndimi. Amekusanya maelfu ya jumbe kutoka makundi ya WhatsApp ambayo yeye mwenyewe ni mwanachama, na mwenzangu anamhimiza aanze kufunza modeli mara moja. Moyo wangu unakataa, ila sijui niseme nini bila kuonekana kikwazo kwa kijana wa watu.

Juu ya hayo yote, makala yangu ya pekee katika uwanja huu imekubaliwa kwenye kongamano, na nimeshadokezwa kwamba kamati ya kitivo inayoshughulikia kupandishwa vyeo huhesabu makala za majarida tu.

Je, niombe kuondolewa katika somo hili nirudi kwenye isimu niliyoizoea, au nianze upya kujifunza uhandisi katika umri huu?

Wako,
Mhadhiri aliye njia panda

Jibu

Mwalimu mwenzangu,

Usiombe kuondolewa, wala usijigeuze mhandisi. Katika uwanja huu ipo kazi ambayo wahandisi wengi hawaifanyi vizuri kwa sababu hawana ujuzi wako, nayo ni kupima: kujua mashine imekosea nini, imekosea wapi katika neno, na kosa hilo lina uzito gani kwa msomaji. Ukiishika kazi hiyo, somo lako litapata uti wa mgongo na utafiti wako utapata mahali pake, bila ya kusubiri idara inunuliwe kompyuta za fahari.

Nianze na huo utani, maana naona ndio uliokuumiza zaidi kuliko wanafunzi. Jelinek na wenzake walikuwa wakishughulikia utambuzi wa usemi wa Kiingereza, lugha yenye matini tele na vitenzi visivyobeba viambishi vingi, na katika mazingira hayo takwimu zilizishinda kanuni kihalali kabisa. Sharti la ushindi huo lilikuwa wingi wa data. Lugha nyingi za dunia hazitimizi sharti hilo, na Kiswahili kinalitimiza nusunusu. Tena Jelinek mwenyewe, alipotunukiwa tuzo katika LREC, kongamano la rasilimali za lugha, mwaka 2004, aliipa hotuba yake anwani inayosema kwamba baadhi ya rafiki zake wakubwa ni wanaisimu. Mwenzako akikurudia na utani wake, mpe na huo wa pili.

Kuhusu kwamba modeli kubwa "zimeshaimaliza kazi", uwanja wetu umezoea kusikia habari za namna hiyo. Mwezi Januari 1954 Chuo Kikuu cha Georgetown na IBM walionyesha mashine iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa kutumia maneno 250 na kanuni 6 za sarufi, na watu wakaahidiwa kwamba tafsiri ya mashine ingekamilika katika miaka michache. Mwaka 1966 ikatoka nchini Marekani ripoti ya ALPAC, kamati iliyoutathmini utafiti wa tafsiri ya mashine na kuona haujatimiza ahadi zake, na fedha za utafiti huo zikakauka kwa muda mrefu. Sisemi kwamba modeli za leo ni sawa na mashine ile. Zina uwezo mkubwa, na asiyekiri hivyo anajidanganya. Ninachosema ni kwamba anayedai kazi imekwisha ana wajibu wa kuonyesha vipimo vyake, na hapo ndipo unapotakiwa uwe umekaa.

Sasa turudi darasani. Chukua kirai "tarumbeta lililolia" ukiandike ubaoni. Katika kitenzi kile silabi "li" imejitokeza mara tatu: ya kwanza ni kiambishi cha upatanisho wa ngeli, ya pili ni kiambishi cha wakati uliopita, na ya tatu, baada ya "lo" ya urejeshi, ni mzizi wenyewe wa kitenzi "lia". Mwanafunzi wa kompyuta aliyeandika programu inayotafuta "li" na kuipa lebo ya wakati uliopita atapata nyakati tatu katika neno moja, na atashangaa. Mwanafunzi wa isimu atamweleza kosa liko wapi, lakini akiambiwa aandike kanuni itakayolizuia bila kuyaharibu maneno mengine elfu, naye atakwama. Acha wakwame pamoja kwa saa nzima. Makundi yako mawili yanapuuzana kwa sababu unayafundisha kwa zamu, kila moja likisubiri lingine limalize. Wape tatizo ambalo hakuna upande unaoweza kulitatua peke yake, halafu uwapange wawiliwawili, mmoja kutoka kila idara, muhula mzima.

Utaratibu wa mazoezi uwe huu. Kabla programu yoyote haijaandikwa, mwanafunzi wa isimu aandike majibu anayoyatarajia kwa orodha ya vitenzi na kuyakabidhi kwako. Mwenzake aandike programu. Baadaye wakae wote wawili juu ya tofauti zilizojitokeza, na waandike ripoti ya makosa inayoyapanga kwa sababu zake: haya yametokana na kanuni iliyokosekana, haya na kanuni mbili zinazogongana, haya na jibu la mwanaisimu ambalo lenyewe lilikuwa na mashaka. Alama nyingi ziende kwenye ripoti hiyo, chache kwenye asilimia ya majibu sahihi. Ubadilishe pia mwandishi wa msimbo kila baada ya mazoezi mawili, hata kama msimbo wa mwanaisimu utakuwa wa kuchechemea.

Programu za mazungumzo usizipige marufuku, kwa sababu hutaweza kulisimamia katazo hilo. Zifanye kuwa kitu cha kuchunguzwa. Waagize waiulize programu ichanganue "hakuja", "hatakuja", "hakupigi" na "hakukuwa". Katika neno la kwanza "ku" inakanusha wakati uliopita. Katika la pili imeingia kuubeba mzizi wa silabi moja. Katika la tatu ni yambwa ya nafsi ya pili. Katika la nne zipo mbili zenye kazi tofauti. Waongeze na "atakayekuja", ambapo kiambishi cha wakati ujao hurefuka kuwa "taka" mbele ya urejeshi, na mchanganuzi mvivu hukikata "ta" na "ka" kana kwamba kuna "ka" ya kufuatana kwa matendo. Kila jozi ije mbele yako kwa dakika kumi, itetee kwa mdomo kila mkato uliokubaliwa na kila uliokataliwa. Asiyeelewa jedwali lake atajulikana kabla ya dakika ya tatu.

Hapo pia utapata mlango wa kueleza modeli hizo hulikata vipi neno. Nyingi hazifuati mipaka ya mofimu. Hutumia vipande vya herufi vinavyojirudia mara nyingi katika matini za mafunzo, mbinu iliyoenea katika tafsiri ya mashine kuanzia mwaka 2016 kwa kazi ya Rico Sennrich na wenzake. Kwa kuwa sehemu kubwa ya matini hizo ni za Kiingereza, neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi, na mikato yake mara nyingi haina maana kwa mwanasarufi. Wahandisi wako wataliona suala hili kuwa la kwao, kwa sababu kila kipande kina gharama ya ukokotoaji, na wanaisimu watajua la kuliuliza. Katika masomo yote ya muhula, hili ndilo ningelitengea wiki mbili badala ya moja.

Kwa upande wa vifaa, vichanganuzi vya hali zenye ukomo, yaani vile vinavyolipitia neno herufi kwa herufi kwa kufuata kanuni zilizoandikwa na mtu, vinavyotokana na mofolojia ya viwango viwili aliyoibuni Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, huendeshwa vizuri kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia nadharia hiyo kuchanganua Kiswahili kuanzia miaka ya 1980, na mfumo wake wa SALAMA ulikua kutokana na kazi hiyo. Siku hizi kuna programu iitwayo foma ya Mans Hulden, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Mwanafunzi wa isimu huiandikia kanuni kwa namna inayokaribiana sana na kanuni za sarufi alizozizoea, hivyo humfaa kama njia ya kuingilia kwenye upangaji programu.

Utafiti wako mwenyewe uko karibu nawe kuliko unavyodhani. Tafsiri za mashine kwa miaka mingi zimepimwa kwa BLEU, kipimo kilichotolewa mwaka 2002, ambacho huhesabu maneno na mifuatano ya maneno inayolingana na tafsiri ya mwanadamu. Katika lugha kama yetu, neno lililokosewa herufi moja ya kiambishi huhesabika limekosewa lote. Mwaka 2015 Maja Popović akapendekeza chrF, kinachohesabu mifuatano ya herufi, na kwa lugha zenye viambishi vingi kinatenda haki zaidi. Lakini linganisha "atakuja" na "hatakuja". Kwa chrF maneno hayo yanakaribiana sana, ilhali kwa msomaji mmoja amepewa ahadi na mwingine amenyimwa. Kwa BLEU, kosa hilo ni sawa tu na kukosea neno lolote lisilo na madhara. Hakuna kati ya vipimo hivyo viwili kinachoona kwamba maana imepinduka.

Basi tengeneza mkusanyo wa majaribio unaoona. Andika sentensi mia kadhaa zilizopangwa kwa jozi, kila jozi ikitofautiana kwa jambo moja tu la kisarufi: ukanushi, yambwa, urejeshi wa mahali, kauli ya kutendea, upatanisho wa nomino zenye uhai zilizo katika ngeli za vitu. Uwape wazawa wa lugha wazithibitishe, halafu uzipitishe katika mifumo inayopatikana na ueleze kila mfumo unaangukia wapi. Kazi hiyo inahitaji mtu anayezijua ngeli hadi kwenye pembe zake na mwenye subira ya kukagua sentensi moja baada ya nyingine. Mwenzako na kompyuta zake zote hawezi kuiandika bila wewe, na nadhani ukimweleza hivyo kwa upole atakubali, maana na yeye anahitaji makala.

Ukitaka ushahidi kwamba ukaguzi wa macho ya binadamu unathaminiwa, angalia kazi ya Julia Kreutzer na wenzake wengi iliyochapishwa mwaka 2022. Walikagua korpasi (mikusanyo ya matini) 205 za lugha mbalimbali zilizokusanywa kwenye mtandao kwa mashine, wakakuta kwamba angalau 15 hazikuwa na matini yoyote inayofaa. Walilifanya hilo kwa kusoma sampuli za sentensi na kuzitolea hukumu.

Suala la mwanafunzi wenu wa uzamivu ni zito kuliko yote uliyoniandikia, na moyo wako umekataa kwa haki. Wanachama wa makundi yale waliandikiana wao kwa wao, hawakuandika ili wafanyiwe utafiti, na uanachama wa mwanafunzi haumpi ridhaa ya wengine. Kufuta majina hakutoshi, kwa sababu ujumbe wenyewe huweza kumtambulisha mtu kwa habari ulizobeba. Msimamisheni kabla hajafunza chochote, apeleke maombi kwa kamati ya maadili ya chuo, aombe ridhaa ya maandishi, na jumbe za wasioitoa azifute. Usilieleze hili kama pingamizi la mwanaisimu dhidi ya kompyuta. Mkumbushe mwenzako habari ya JW300, mkusanyo uliotolewa mwaka 2019 ukiwa na lugha zaidi ya 300, uliotumiwa na watafiti wengi wa lugha za Afrika na baadaye ukaondolewa kwa sababu ya hakimiliki. Watu waliojenga juu yake walibaki na matokeo wasiyoweza kuyatolea data hadharani. Tasnifu haistahili kuwekwa katika hatari hiyo.

Wakati akisubiri ridhaa, asikae bure. Mkusanyo wa AfriSenti, uliotumika katika SemEval, shindano la kupima mifumo ya kompyuta inayochanganua maana, la mwaka 2023, una jumbe za Twitter zilizowekewa lebo za hisia katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Aanzie hapo kujifunza kazi, na aandike mwongozo wake wa kuweka lebo. Katika hilo msimamieni kwa ukali kidogo. Iwapo jumbe 95 kati ya 100 hazina hisia yoyote, mtu mvivu anayezipa zote lebo hiyohiyo ataafikiana na mwenzake kwa asilimia 95, na jedwali litapendeza. Kipimo cha kappa alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960 huondoa maafikiano yanayoweza kutokea kwa bahati, na katika mfano huu kitampa mvivu wetu sifuri. Mwanafunzi asiyejua kwa nini ni sifuri bado hajawa tayari kufunza modeli, hata kama msimbo wake unaendeshwa bila hitilafu.

Limebaki la kamati. Wajumbe wa vitivo vya sanaa wamezoea makongamano ambayo mtu hutuma ikisiri ya aya moja na kukubaliwa, kwa hiyo si kwamba wana nia mbaya. Waeleze kwa barua fupi kwamba katika makongamano ya Association for Computational Linguistics, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1962, kinachotathminiwa ni makala kamili, wasomaji wake hawajui majina ya waandishi, na makala zinazokubaliwa huchapishwa na kusomwa bure. Ambatisha tathmini ulizoandikiwa na wasomaji wa makala yako, pamoja na majibu yako kwao. Kazi yako inayofuata, hasa ule mkusanyo wa majaribio, ipeleke katika jarida la jumuiya hiyohiyo liitwalo TACL, lililoanza mwaka 2013, kwa kuwa makala yanayokubaliwa humo huruhusiwa pia kuwasilishwa katika makongamano yake, na kamati yako haitakuwa na la kuhoji. Barua yenyewe iandike muhula huu na umwombe Mkuu wa Idara aipitishe yeye. Ikifika baada ya kikao cha kupandisha vyeo, itasomwa kama rufaa, na rufaa zina utaratibu wake mwingine mrefu.

Wako katika kazi,
Mshauri